Mzee wa Flashi, Beale Street: Memphis, bluzi na ile siri ya Withers

MWANAIDI: Haya tumerudi wasikilizaji, niko na kaka Chacha, mpiga picha wa harusi, sendofu, kipaimara, yani ukimlipa vizuri hata arobaini anakuja. Leo kagoma kuongelea lenzi, anataka bluzi, ule muziki wa watu weusi wa Marekani.

CHACHA: Sijagoma dada, ila kwangu mimi huwezi kuvitenganisha. Bluzi sikuipatia redioni, niliipatia kwenye picha za mzee mmoja anaitwa Ernest Withers. Kazaliwa Memphis, Marekani, 1922, upigaji picha kajifunzia jeshini vita ya pili ya dunia, kurudi nyumbani ndo akaanza kazi, na studio yake ikawa Beale Street. Sa Beale enzi zile chukulia kama Kariakoo ya watu weusi wa Memphis, maduka ya rehani, vinyozi, washona suti, kumbi za muziki, wacheza kamari, wachungaji, wote humo humo wanapigana vikumbo.

MWANAIDI: Si ndo mtaa wa B.B. King, yule mpiga gitaa la bluzi?

CHACHA: Jina lenyewe lilitoka hapo. Alikuwa anaitwa Riley, kaja mjini kutoka Mississippi, akapata kazi redio WDIA, wakawa wanamwita Beale Street Blues Boy, likakatwa mpaka ikabaki B.B. Na WDIA ndo redio ya kwanza Marekani kuweka watangazaji weusi kipindi mpaka kipindi, wakati mji wenyewe bado una mabomba ya maji ya kunywa ya wazungu na ya weusi.

MWANAIDI: Subiri, ile ya gitaa na moto.

CHACHA: Eeh! 1949, ukumbi huko Twist, Arkansas, baridi, wamewasha mafuta ya taa kwenye pipa katikati ya watu wanaocheza, we fikiria. Wanaume wawili wakagombana, pipa likapinduka, moto. B.B. katoka nje salama kisha akakumbuka gitaa, akarudi ndani kulifuata! Kesho yake anaambiwa waligombea mwanamke anaitwa Lucille, basi kila gitaa lake tangu siku hiyo likaitwa Lucille.

MWANAIDI: Wanaume bana. Na huyu mtu 1974 kaja mpaka Kinshasa, lile tamasha la pambano la Ali na Foreman.

CHACHA: Na Lucille wake. Ila nirudi kwa Withers, maana nilichompendea ni kwamba hakuwa anapiga mastaa tu, alikuwa anapiga na waliolipa kiingilio, wamevaa wakapendeza, anawauzia picha zao. Hiyo ni kazi yangu kabisa, si unawajua wale wazee wa flashi kwenye dansi, anakupiga uko na shemeji, bendi haijamaliza seti ya pili ashaleta bei. Halafu huyo huyo 1956, nyuma ya jukwaa kwenye onyesho la WDIA, anawapiga Elvis Presley, yule mwimbaji mzungu, na B.B. King wamesimama pamoja, kwenye mji ambao mzungu na mweusi hawakai benchi moja.

MWANAIDI: Na ile ya mabango?

CHACHA: Wazoa taka, 1968. Wawili walikuwa wamekufa, wamebanwa na mashine ya gari la taka, wenzao wakagoma. Withers kawapiga wamesimama msururu barabara nzima, bango limeandikwa mimi ni mwanaume, na hiyo NI wameipigia mstari. Kwa sababu mzungu alikuwa anamwita mtu mzima boi.

MWANAIDI: Boi! Kama babu zetu kwa walowezi, mtu ana wajukuu anaitwa boi.

CHACHA: Neno lile lile. Sasa sehemu inayoniuma. Mzee kafariki 2007, 2010 gazeti la hapo hapo Memphis linaibua kwamba alikuwa mtoa habari wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani. Makarani walifuta majina kwenye mafaili wakasahau sehemu moja, namba yake ya utoa habari ikaonekana.

MWANAIDI: Mungu wangu. Yani anakaa vikao vya kina Martin Luther King, anakula nao…

CHACHA: Anawapiga picha na kupeleka habari zao. Wengine wanamtetea, alikuwa na watoto wanane, wengine wanasema habari zenyewe mji mzima ulishazijua. Mi picha zake zimebandikwa ukutani ofisini, nilizishusha wiki nzima.

MWANAIDI: Halafu?

CHACHA: Nikazirudisha. Ile ya FBI sijamsamehe, ila Beale yenyewe walikuja kuibomoa sehemu kubwa wanasema wanaboresha mji, wakaijenga upya ya watalii, sa wale watu wa ukumbini utawaona wapi tena? Kwenye picha zake.

MWANAIDI: Na wewe ungeombwa kupeleka habari za maharusi wako?

CHACHA: Kuna mama mkwe mmoja alishaniomba, dada, nilimwambia betri imeisha.