Tovuti ya Kazi Zako za Sanaa: Tuanze na Picha

Karibu, mtazamaji. Leo tunatengeneza tovuti ndogo ya kuonyesha michoro yako. Kompyuta iache kwanza, chukua simu. Picha ikiwa mbaya, hakuna kiolezo, yaani muundo wa tovuti ulioandaliwa tayari, kitakachoiokoa.

Chagua kazi 12, zikizidi sana 20. Ile unayosita kuiweka, usiiweke.

Sasa tundika mchoro karibu na dirisha lisilopigwa na jua, dirisha likiwa ubavuni. Tazama hapa: upande wa dirisha unang'aa, wa pili una giza. Simamisha kadibodi nyeupe upande wenye giza. Umeona? Pande zote zimekaribia kulingana. Taa ya chumbani izime. Mwanga wake wa manjano ukichanganyika na wa mchana, nyeupe ya mchoro hugeuka manjano huku na buluu kule, na kusahihisha hilo baadaye ni kazi ngumu mno. Flashi nayo usiiwashe, huacha doa jeupe juu ya rangi ya mafuta. Fremu ikiwa na kioo, kitoe.

Lenzi iwe usawa wa katikati ya mchoro. Ukisogea karibu mno kingo hupinda, kwa hiyo rudi nyuma hatua mbili, na kama simu ina lenzi ya kuvuta, itumie. Juu ya mchoro pakionekana pembamba kuliko chini, simu imelala nyuma. Inyooshe upige tena.

Picha ya simu huweza kufika megabaiti 4. Kazi 12 ni megabaiti 48, na mgeni ataondoka kabla hazijafunguka. Tengeneza nakala: upande mrefu pikseli 2000, JPEG, ubora 80 hivi kati ya 100, uzito usizidi kilobaiti 500. Rangi ziwe sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni. Ukihifadhi kwa Adobe RGB, mfumo wenye rangi pana zaidi, programu zisizosoma profaili ya rangi, yaani maelezo ndani ya faili yanayotaja mfumo huo, zitazifanya zififie. Picha asili itunze kando, usiiguse.

Kabla ya kupakia, badilisha jina la faili. IMG_4821 haimwambii mtu kitu. Andika mwanamke-na-mtungi-2023.jpg: herufi ndogo, vistari, bila nafasi. Ukibadilisha kichwa cha picha baada ya kupakia, anwani ya faili hubaki na jina la zamani.

Haya, sasa tovuti. Fungua akaunti ya bure WordPress.com, huduma ya kutengeneza tovuti, uchague kiolezo chenye mandhari nyeupe au kijivu hafifu. Rangi kali huingilia rangi za mchoro. Kurasa tatu zinatosha: Kazi, Kuhusu, Mawasiliano. WordPress ilianza kama programu ya blogu, kwa hiyo ukurasa wa mwanzo unaweza kukuletea machapisho mapya. Ingia kwenye mipangilio ya usomaji, chagua ukurasa maalumu usiobadilika, uweke Kazi.

Chini ya kila picha andika: Mwanamke na Mtungi, 2023, akriliki juu ya kanvasi, sm 80 × 60. Kimo kwanza, kisha upana. Ukigeuza, mnunuzi atapima ukuta vibaya. Kwenye maandishi mbadala eleza kinachoonekana, kwa ajili ya asiyeona: "Mwanamke amebeba mtungi begani, nyuma yake ukuta wa buluu."

Ukurasa wa Kuhusu, maneno 100 hadi 150: unachora nini, kwa nyenzo gani, umeonyesha wapi. Kwenye Mawasiliano weka fomu, maana barua pepe iliyoandikwa wazi huokotwa na watuma taka. Jitumie ujumbe wa majaribio, na ukikosekana angalia kwenye folda ya taka.

Hatua ya mwisho wengi huiruka. Tovuti mpya ya WordPress.com huanza ikiwa imefichwa. Wewe uliyeingia unaiona, wageni wanaona tangazo kwamba iko njiani. Bonyeza kitufe cha kuzindua, kisha ifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, kwa simu, kwa data badala ya waifai. Picha ya kwanza ikichelewa, rudi upunguze uzito wake, halafu jaribu tena.