Desbarolles Hakuacha Uchoraji

Narudi tena kwa Adolphe Desbarolles, na walioanza kuguna pale nyuma naomba wanivumilie. Kila anayemtaja husema alikuwa mchoraji, kisha akaiacha sanaa akawa msoma viganja. Aliiacha? Nani kasema?

Alizaliwa Paris mwaka 1801, akashika brashi, akazurura. Mwaka 1846 alikuwa Hispania na mchoraji mwenzake Eugène Giraud, wakaungana na msafara wa mwandishi Alexandre Dumas. Hayo mnayajua.

Sasa mfikirieni mchoraji wa watu. Kinachomtoa jasho ni mkono. Uso utauficha kwenye kivuli, lakini kosea kifundo kimoja cha kidole, hata mtoto ataona. Kwa hiyo miaka yote anatazama mikono: kidole kilichochongoka, gumba lililojitenga, ngozi iliyosuguliwa na kazi. Halafu anatokea kapteni wa jeshi, d'Arpentigny, anafundisha kwamba umbo la mkono hutoboa siri ya tabia: vidole vilivyochongoka ni vya msanii, vya mraba ni vya mpenda utaratibu. Mchoraji akisikia hayo atakaaje kimya? Desbarolles akazama zaidi, akaingia kwenye mistari na vilima vya kiganja, kila kilima na sayari yake: Zuhura chini ya gumba, Mshtarii chini ya kidole cha shahada, Zohali chini ya cha kati. Akakoleza na Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi. Mwaka 1859 akatoa kitabu chake kuhusu siri za mkono, mwaka uleule Darwin alipotoa cha kwake kuhusu chimbuko la spishi. Chekeni tu.

Kuna anayetaka kuniuliza: kwa hiyo unaamini viganja? Siamini, jamani! Mikunjo ile hujichora tumboni mwa mama katika miezi mitatu ya kwanza. Ndoa yako itaijulia wapi? Na kama msomaji "alipatia", mtafuteni mwanasaikolojia Bertram Forer. Mwaka 1948 aliwagawia wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye. Maelezo yalikuwa yaleyale kwa wote, nao wakayapa kwa usahihi wastani wa alama 4.26 kati ya 5.

Lakini msinitoe kwenye hoja. Mteja alidhani anasomewa nyota, kumbe ameketi mbele ya jicho lililofunzwa kuchora. Kabla hajafungua kinywa, mkao wake, kucha zake na sugu zake zilikwisha sema. Ninavyomwona mimi, Desbarolles aliendelea kuchora picha za watu, ila sasa kwa maneno, na bila kusumbuliwa na mtu kwamba pua haikufanana.

Nilitaka kueleza alivyohamia kwenye kusoma tabia za watu kwa miandiko yao, yeye na padri Michon, mwaka 1872, lakini naonyeshwa saa. Alifariki 1886. Maswali mafupi tafadhali, na asiniletee mtu kiganja chake hapa mbele.