Ameingilia Kati, Sawa, Lakini Amefanya Nini?

Mhadhara kwa waandishi wa habari na wafasiri chipukizi, Nairobi

Asanteni. Walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana kitenzi ni kilekile: "intervene". Asili yake ya Kilatini, kuja katikati, mnaijua. Tuiruke.

Kinachonikera ni Kiswahili chetu cha habari. Kila jioni serikali imeingilia kati, wazee wameingilia kati, mahakama imeingilia kati. Msikilizaji ameambiwa nini? Serikali imeleta unga au imeleta vitoa machozi? Najua, hata Mwingereza hufichia mambo ndani ya "intervene" yake. Mfiche na ninyi?

Nendeni stejini Muthurwa saa moja jioni. Makanga na abiria wameshikana mashati kwa ajili ya chenji ya shilingi hamsini. Mama wa mahindi ya kuchoma anaacha jiko, anapenyeza bega katikati yao, mkononi bado ana kile kipande cha katoni cha kupepea makaa. Haulizi nani ana makosa. "Wewe huku, wewe kule!" Huyo ameamua ugomvi. Ndiyo, ameamua! Vijana mnadhani kuamua ni kukata shauri tu. Kuwatenganisha wanaopigana pia ni kuwaamua. Anafika mwenye gari, anatoa hamsini yake, anampa abiria na kumwomba radhi. Huyo amesuluhisha. Kabla yake dereva alikuwa ameshuka akamkaba abiria shingo: huyo alimsaidia mwenzake kupigana. Kwa Kiingereza wote watatu "intervened", na hakuna kosa la lugha. Kwa Kiswahili una vitenzi vitatu mkononi, halafu unaniandikia kimoja kisicho na rangi.

Mtaniambia habari inataka ufupi. Haya, hesabuni: "ameamua" ni neno moja, "ameingilia kati" ni mawili. Na mwenye haraka zaidi huangusha hilo "kati" akaandika "Chifu amwingilia mjane", kumbe chifu alimtetea mjane asinyang'anywe shamba. Chekeni, lakini mhariri wake hapo anatafuta wakili.

Sasa ninyi wafasiri. Sheria iliyoanzisha Umoja wa Afrika ilipitishwa Lomé mwaka 2000. Someni ibara ya 4. Kifungu cha g kinakataza nchi mwanachama "interference" katika mambo ya ndani ya nyingine. Kinachofuata, cha h, kinaupa Umoja wenyewe haki ya "intervene" katika nchi mwanachama, wakuu wa nchi wakishaamua, pakiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Vimefuatana hivyo, g na h! Andika "kuingilia" kotekote, na mwananchi ataona sheria inakataza kwa mkono mmoja na kuruhusu kwa mwingine. "Interfere" imeshamhukumu anayeingia: hana haki hapo. "Intervene" haimlaumu wala haimsifu. Kwenye g mimi naandika kujiingiza. Kwenye h, nakubali, naandika kuingilia kati, kwa sababu kifungu chenyewe hakisemi Umoja utafanya nini ukishaingia. Sheria ikinyamaza, mfasiri asiisemee. Lakini ripota aliyesimama pale stejini akaona kwa macho yake ananyamaza kwa nini?

Kuna ndugu mmoja kila mara hunipinga kwa methali: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Eti Mswahili haingilii. Methali inasema ndugu, bwana. Makanga na abiria wana undugu gani? Na mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipowaka hapa hapa Nairobi, tungechukua jembe tukalime? Kofi Annan alikuja Januari, na tarehe 28 Februari Kibaki na Raila, mahasimu wa uchaguzi ule, wakatia saini mkataba. Yule alipatanisha. Andikeni alipatanisha.

Sarufi, haraka haraka. Kitenzi "intervene" hakichukui yambwa, yaani mtendwa, kwa hiyo "intervene the matter" tuizike leo. Jambo linataka "in", watu wawili wanataka "between". Anayeingia si lazima awe mtu. Mvua, vita, hata miaka huingia katikati, na mahakamani kuna wanaoomba kuunganishwa na kesi isiyo yao... hilo lina mambo mengi, na mwenyekiti ameshaangalia saa mara mbili. Maswali. Dada wa pale nyuma, karibu.