Kuigeuza Postikadi: Mhadhara juu ya Kukusanya Picha za Zamani za Miji ya Bandari

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimekuja na kadi moja tu, ingawa nyumbani ninazo mamia, kwa sababu nimeona kwamba anayeielewa vizuri kadi moja ataweza kuzisoma nyingine, ilhali anayeonyeshwa mia kwa mkupuo mmoja huondoka akikumbuka rangi tu. Ni postikadi ya Liverpool, Uingereza, inayoonyesha ukingo wa mto Mersey mahali panapoitwa Pier Head. Mbele kuna gati linaloelea, limejaa watu waliovaa kofia. Nyuma yao limesimama jengo moja kubwa jeupe lenye kuba. Na ubavuni mwa jengo hilo, pale ambapo leo kila mgeni hutazamia kuiona minara miwili yenye sanamu za ndege, hakuna kitu ila anga.

Anga hilo tupu ndilo lililonifanya niinunue. Jengo lenye kuba lilikuwa makao ya bodi ya bandari na lilikamilika mwaka 1907. Lile la minara, Royal Liver Building, lilianza kujengwa 1908 na likafunguliwa 1911. Picha hii basi ilipigwa katika kipindi kifupi mno, wakati jengo la kwanza limekwisha na kuta za jirani yake hazijapanda. Sasa tuigeuze kadi. Muhuri wa posta ni wa mwaka 1913, na stempu ya kijani ya nusu peni ina kichwa cha Mfalme George wa Tano, aliyeanza kutawala 1910. Maana yake ni kwamba mtu aliyeituma alimpelekea mwenzake sura ya mji ambayo haikuwapo tena, huku yeye mwenyewe akiwa amesimama chini ya ile minara ambayo kadi yake haiijui.

Muhuri wa posta hutuambia kadi ilitumwa lini. Hautuambii picha ilipigwa lini. Wachapishaji waliendelea kuuza picha ileile miaka mingi baada ya mpiga picha kuondoka na kamera yake, na duka halikuwa na sababu ya kutupa bidhaa eti kwa kuwa jengo jipya limeota ukingoni. Hata hivyo wengi wetu tunaokusanya huuchukua mwaka wa muhuri tukauandika chini ya picha kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa, na kosa hilo likishaingia katika maelezo ya maonyesho, wanaofuata hulinakili bila kuuliza. Kwa mji wa bandari athari yake ni kubwa, kwa sababu ukingo wa maji ndio sehemu ya mji inayobomolewa na kujengwa upya kila biashara inapobadilika. Hata jengo hili la kuba, tunaloliona la kale, limesimama palipokuwa maji: eneo lake lilikuwa gudi lililoitwa George's Dock, likafukiwa, na picha za karne ya kumi na tisa zinaonyesha milingoti ya meli pale ambapo kadi yangu inaonyesha mawe.

Upande wa nyuma una mengine ya kusema. Kadi ya kwanza kabisa ya posta, iliyotolewa na Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, haikuwa na picha. Picha zilipoanza kuingia, sheria za posta za nchi nyingi ziliutaka upande mmoja mzima uwe wa anwani peke yake, na ndiyo maana katika kadi za mwanzo salamu zimebanwa juu ya picha yenyewe, pembeni mwa mawimbi au katikati ya anga. Uingereza iliruhusu nyuma igawanywe kwa mstari, anwani kulia na ujumbe kushoto, mwaka 1902. Ujerumani ikafanya hivyo 1905 na Marekani 1907. Mstari huo mwembamba umenisaidia kuipanga kadi isiyo na muhuri wala stempu kuliko kitu kingine chochote. Bei ya posta nayo husaidia: nusu peni ilitosha kwa kadi ndani ya Uingereza hadi Juni 1918, ilipopanda kuwa peni moja.

Naomba sasa tuchukue lenzi ya kukuzia. Ukiona nukta zilizojipanga kwa safu, hiyo imechapwa kwa mashine. Ukiona vivuli vinavyofifia polepole bila nukta, huenda umeshika picha halisi iliyosafishwa moja kwa moja juu ya karatasi ya kadi, na hizo mara nyingi zilitolewa chache. Rangi zinahitaji tahadhari zaidi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kadi nyingi za Ulaya zilichapwa Ujerumani, na fundi aliyeongeza rangi kiwandani huenda hakuwahi kuuona mji wenyewe. Wapenzi wa meli huitambua kampuni kwa rangi ya dohani, kwa kuwa dohani za Cunard zilikuwa nyekundu yenye kichwa cheusi na za White Star zilikuwa za manjano hafifu. Kwenye kadi ya rangi mimi siamini dohani hata moja mpaka niwe nimehesabu milingoti na kulitazama umbo la meli.

Nimezungumza kirefu juu ya kutafuta tarehe kwa sababu bila tarehe hatuwezi kuona badiliko, tunaona ukale tu. Chukueni mwaka 1956. Tarehe 26 Aprili mwaka huo meli iitwayo Ideal-X iliondoka Newark kwenda Houston, Marekani, ikiwa na makontena 58, na huo ndio mwanzo wa utaratibu uliokuja kuzihamisha bandari kutoka katikati ya miji kwenda mahali penye kina na uwanja mpana. Mwezi Desemba mwaka huohuo, kwa sababu nyingine kabisa, ya vyuma vilivyoliwa na kutu, reli ya juu iliyopita kando ya magudi ya Liverpool tangu 1893 ilifungwa. Makuli walizoea kutembea chini yake mvua inaponyesha, na watu wakaiita mwavuli wao. Albert Dock, gudi jingine la Liverpool, lililofunguliwa 1846, likafungwa 1972. Picha ya ukingo ule ya mwaka 1955 na ya 1975 zinaweza kufanana kwa anayetazama majengo makubwa ya ukingoni peke yake; anayetafuta nguzo za reli, magunia na watu ataona kwamba mji wa kazi umeondoka.

Watu hao ndio pengo la mkusanyo wangu, na nalisema kwa uchungu. Postikadi ilitengenezwa iuzwe kwa msafiri, na msafiri alitaka meli ya fahari na jengo refu. Kuli aliyeinama chini ya gunia haonekani, au anaonekana kama doa pembeni. Ndiyo sababu nimeanza kukusanya picha ambazo hazikukusudiwa kupendeza: za wahandisi walioandika hatua za ujenzi wa gati, za magazeti, za familia. Hazina mvuto ukutani, lakini ndani yake mna sura za waliofanya kazi.

Juu ya kutunza nitasema machache. Albamu zenye kurasa za gundi na mifuko ya plastiki ya PVC huharibu picha. Mifuko ya poliesta ni salama. Andika kwa penseli laini, nyuma, ukingoni, na skani pande zote mbili. Usiibandue stempu. Zaidi ya yote, usivunje mpangilio ulioukuta. Niliwahi kununua kadi arobaini ambazo muuzaji alikuwa amezing'oa kutoka albamu ya familia moja ili aziuze mojamoja. Nyuma ya kila kadi bado kuna vipande vya karatasi nyeusi, na maandishi yaliyokuwa kwenye kurasa zile yamepotea. Nimezitazama kadi hizo miaka mingi bila kuweza kujua ipi ilifuata ipi.

Narudi kwenye kadi yangu. Karibu na daraja la kupandia meli, kati ya kofia mbili, aliyeituma ameweka msalaba mdogo wa wino, na upande wa nyuma ameeleza kwamba hapo ndipo aliposimama siku ya kuagana. Wauzaji huihesabu alama kama hiyo kuwa uchafu na kuishusha thamani kadi, na wapo wanaojaribu kuifuta. Mimi nimeipima kwa rula na kuiweka juu ya ramani, na sasa najua kwa hatua chache alikuwa wapi. Kadi iko mezani, lenzi iko kando yake. Naomba mtakaoishika muishike kwa kingo.