Hela ya Mfadhili Imfuate Mtoto Kwao

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wetu wa dini, wazee wangu shikamooni. Wanangu mliotoka Dar es Salaam, na ninyi mliorudi likizo kutoka nje, karibuni sana Moshi.

Nimeombwa kuzungumza juu ya kufadhili watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Mazingira magumu ni nini, sitaeleza. Kila mmoja humu ndani ana mpwa au mtoto wa jirani anayemsomesha, na wengi wetu tumesomeshwa hivyo hivyo. Niende moja kwa moja kwenye jambo ambalo nimelisema kwa wakurugenzi, kwa maaskofu, kwa masheikh, na kwa wageni wanaoshuka uwanja wa ndege wa KIA na masanduku ya nguo na peremende: hela ya mfadhili imfuate mtoto nyumbani kwao. Isimtoe.

Miaka yangu yote ya utumishi nilikuwa ustawi wa jamii. Kazi hiyo ilinipeleka kukagua makao ya watoto, ya Moshi na ya Arusha, mazuri na mabaya. Ukifika kukagua, kitu cha kwanza unaomba mafaili. Ndani ya kila faili kuna fomu ya kupokelewa mtoto. Ipo moja ambayo naikumbuka kwa kichwa, na jina sitalitaja. Jina la baba: hajulikani alipo. Jina la mama: limeandikwa, na pembeni yake neno "hai". Kazi ya mama: anauza ndizi. Sababu ya kumpokea mtoto: "hali ngumu ya maisha". Basi, imeishia hapo. Hakuna kipigo wala ugonjwa ulioandikwa. Mtoto ana miaka minne. Chini kuna alama ya dole gumba, wino wa bluu umesambaa hadi kwenye mstari wa tarehe.

Nikamuuliza matroni, huyu mama huwa anafika? Akasema anafika kila Jumapili akitoka misa. Basi nikarudi Jumapili. Mama akaja na kikapu, ndani ana ndizi mbivu na kopo la mafuta ya kupaka. Siku ile kulikuwa na wageni kutoka Ulaya, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akimlipia mtoto yule. Matroni akamshika mama mkono, akamsogeza mbele ya wageni, akawatambulisha: huyu ni shangazi yake. Mama akaitikia kwa kichwa. Mtoto akaambiwa, msalimie shangazi. Akamwangalia mama yake. Akamwangalia matroni. Kisha akasema, "Shikamoo shangazi."

Mtoto wa miaka minne, ndugu zangu, ameshafundishwa kumkana mama yake ili apate uji na daftari.

Nilimvuta yule mama pembeni tukakaa kwenye benchi la jikoni. Sikumgombeza. Nilimuuliza kitu kimoja tu: ulikosa nini hasa? Nilitaka hesabu. Akanieleza kwamba anatoka saa kumi alfajiri kwenda kuchukua ndizi, na hana wa kumwachia mtoto. Kabla ya hapo alikuwa akimwacha amelala na kufunga mlango kwa nje. Halafu mwenye nyumba akamfungia chumba kwa deni la kodi ya miezi mitatu. Ndipo mtu akamwambia kuna mahali mtoto atakula, atavaa, atasoma shule ya Kiingereza, mzungu atalipa, ila pale wanachukua yatima. Hapo ndipo mama akageuka shangazi.

Sasa nifuatilieni vizuri. Kilichokosekana ni kodi ya miezi mitatu, na jirani wa kukaa na mtoto kuanzia alfajiri hadi saa tatu asubuhi. Hakuna kingine. Na kwenye kituo kile kuna mlinzi wa mchana na wa usiku, mpishi, dereva, gari linalotaka mafuta na matairi, jenereta, na kijana wa kupiga picha za kurusha kwenye mtandao. Chukua matumizi ya mwezi, gawa kwa idadi ya watoto. Gharama ya mtoto mmoja ilitosha kulipa kodi ya mama yule, kumlipa jirani, na kubaki na mtaji wa mikungu kadhaa. Niliipiga hesabu hiyo mbele ya mhasibu wa kituo, kwa karatasi na kalamu yake mwenyewe. Akakubali haina kosa. Akaniambia, "Mama, ni kweli, lakini mfadhili hatoi hela ya kodi ya chumba. Anatoa hela ya yatima."

Ugomvi wangu uko hapo, na si kwa wazungu peke yao. Siku hizi ni sisi pia. Watu wa ofisini wanachanga, wanakodi Coaster, wanapeleka mchele, mafuta na sabuni kituoni, wanapiga picha wamewabeba watoto, wanaondoka. Njiani wamepita nyumba ngapi za bibi anayelea wajukuu watano? Mtu akitafuta yatima wa kumfadhili, yatima atatengenezwa. Mwenye kitanda atatafuta mtoto wa kukijaza, kwa sababu hela inakuja kwa kichwa cha mtoto aliyelala pale.

Na yule mtoto wa ndizi alirudi kwao. Haikuwa kazi ya wiki moja. Mfadhili wake tukamwandikia ukweli wote, kwamba shangazi ni mama. Uongozi wa kituo ulikuwa na hakika kwamba ataacha kutoa. Hakuacha. Alijibu kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia, akauliza hela aitumeje ili imfikie mama. Wafadhili wengi ni watu wa namna hiyo. Wameambiwa uongo, wameupokea kwa moyo mweupe.

Najua mtu anasema moyoni, mbona vituo vimelea watu, wengine leo ni madaktari? Ni kweli, na siwavunjii heshima. Lakini tuangalie utaratibu huu wa kulipia mtoto wa mbali ulizaliwa wapi. Ulizaliwa vitani. Mwaka 1937, vita vya wenyewe kwa wenyewe Hispania, mwandishi wa habari Mwingereza, John Langdon-Davies, alikutana na mtoto mwenye karatasi kutoka kwa baba yake. Shirika la kufadhili watoto la Plan International lenyewe ndivyo linavyosimulia mwanzo wake. Karatasi ilisema mji wa Santander ukianguka yeye baba atapigwa risasi, na atakayemkuta mwanawe amtunze. Mwaka 1949 Hermann Gmeiner alianza kijiji cha kwanza cha kulelea watoto cha SOS pale Imst, Austria, Ulaya ikiwa imejaa watoto ambao vita vimewaacha bila wazazi. Mwaka 1952 mhubiri wa Kimarekani, Everett Swanson, alianza kuchangisha kwa ajili ya yatima wa vita vya Korea, na kazi hiyo ndiyo shirika la kufadhili watoto la Compassion la leo. Kote huko vita ndivyo vilivyowatenga watoto na wazazi. Hapa kwetu mama yuko Soko la Mbuyuni, yu mzima, anauza ndizi. Dawa ya msiba ule tumeileta kwenye ugonjwa mwingine kabisa.

Na mashirika hayo makubwa mengi yalishabadilika zamani. Mtoto anaishi kwao, anasoma shule ya pale pale, hela inapita kwenye kata au kwenye kanisa la mtaani. Mnataka ushahidi kwamba inafanya kazi? Upo. Mwaka 2013 wachumi watatu, Wydick, Glewwe na Rutledge, walichapisha utafiti wa nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Waliangalia watu zaidi ya 10,000, wakalinganisha waliofadhiliwa na Compassion utotoni na wenzao, hadi ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakufadhiliwa. Waliofadhiliwa walikuwa wamesoma zaidi kwa mwaka mmoja hadi karibu mwaka na nusu, waliomaliza sekondari walikuwa wengi zaidi, na ukubwani walipata ajira za ofisini zaidi. Watoto wale jioni walikuwa wanarudi kulala kwa mama zao. Naomba hilo msilisahau mtu akiwaambia kwamba bila bweni hakuna msaada.

Mtu ataniambia: lakini mama, wapo watoto wanaochomwa moto mikono na baba zao. Wapo. Nimewabeba mwenyewe usiku kuwapeleka hospitali, kwa hiyo mtu asinifundishe hilo. Mtoto wa namna hiyo anatolewa nyumbani siku hiyo hiyo, na sheria ipo. Hata hivyo haendi moja kwa moja kwenye kituo cha watoto sitini. Zipo familia za kuaminika ambazo ustawi wa jamii imezichuja, yupo shangazi wa kweli, upo ukoo. Sisi Kilimanjaro siku ya matanga ukoo unakaa, na swali kubwa la siku ile ni watoto wa marehemu wanakwenda kwa nani. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mwaka 1983, ni bibi ndio waliolea kizazi kizima. Mfadhili aliyekuja na hela akajenga bweni, akampita bibi mlangoni, alimwona bibi ni nani?

Atainuka mwingine: bibi atakula hela. Hili linaniudhi kuliko yote. Bibi analala njaa ili wajukuu wapate makande, halafu akinunua nusu kilo ya sukari mnasema amekula hela ya mtoto! TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kwa miaka sasa inawapa walezi fedha mikononi mwao, wengi wao wanawake, kaya maskini kabisa. Matatizo yapo, lakini watoto wanakwenda shule na kliniki. Ukitaka kujua hela imefanya nini, nenda ukaangalie viatu vya mtoto na umuulize mwalimu wake mahudhurio. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa kwenye shule za serikali hadi kidato cha nne. Kinachomrudisha mtoto nyumbani leo ni sweta, daftari, nauli na chakula cha mchana. Vitu hivyo mtu mmoja humu ndani anavimudu bila kuomba mkopo.

Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipokea miongozo inayosema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi. Na majirani wametutangulia. Rwanda, nchi ambayo kama kuna mahali pa kujitetea kwa yatima ni pale, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, walihesabu mwaka 2012 watoto 3,323 kwenye vituo 33, wakaamua kuwarudisha kwenye familia, na wengi wamerudi. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, na sasa ina mkakati wa miaka 10, kuanzia 2022 hadi 2032, wa kuhamisha malezi kutoka vituoni kwenda kwenye familia. Nilitaka kueleza Rwanda walivyofanya hatua kwa hatua, mwenyekiti ananionyesha saa. Nitaruka.

Barua na picha, kwa kifupi. Msimlazimishe mtoto kuandika kila mwezi "mfadhili wangu mpendwa, nakushukuru". Akitaka kueleza mbuzi wao amezaa, aeleze mbuzi.

Na ahadi. Hapa ningependa saa nzima. Ukianza na mtoto darasa la tano, jiulize kidato cha nne ni lini, na kama huwezi kufika huko peke yako, tafuteni wenzio wawili mgawane. Mtoto anayeachwa kidato cha pili kwa sababu mfadhili amepoteza kazi anadhani amekosa kitu, anajilaumu. Hilde Back, mwalimu wa Uswidi, Myahudi aliyewakimbia Wanazi Ujerumani akiwa msichana mdogo, alimlipia ada mtoto wa Kenya asiyemjua, Chris Mburu. Mtoto alikuwa anaishi kwao kijijini, yule mama akalipa, akalipa, hadi sekondari ikaisha. Mburu alifika Harvard, akafanya kazi ya haki za binadamu Umoja wa Mataifa, na alipoanzisha mfuko wa kusomesha watoto wa kijijini kwao akaupa jina la Hilde Back kabla hata hawajaonana uso kwa uso. Kilichotakiwa kilikuwa ada, na ada ikalipwa hadi mwisho.

Sasa, kamati. Nimeona fomu ya ahadi mliyoandaa kwa ajili ya leo. Ina jina la mfadhili, simu, kiasi, halafu imeandikwa "jina la kituo". Naomba mstari huo ufutwe kabla fomu hazijapigwa chapa. Mahali pake liandikwe jina la mlezi, kijiji au mtaa, jina la afisa ustawi wa jamii atakayekwenda pale nyumbani kila muhula, na mwaka ambao ahadi inaisha. Katibu, kalamu unayo hapo. Nafasi ya maswali ni yenu.