Maji ya Karai: Njeri Ateremka Magadi Peke Yake

NJERI: Karibuni tena. Wiki hii nimewaletea habari za barabara.

WAFULA: Wasikilizaji, huyu tangu Jumamosi hakai, anasimama tu. Haya, sema ulikokuwa.

NJERI: Magadi. Mimi na baiskeli, basi. Nilitoka Rongai saa kumi na moja alfajiri, nikapita Kiserian matatu ndiyo zinaanza kuita abiria, nikafika Kona Baridi jua linachomoza. Pale nilivaa sweta. Kufikia saa nne natafuta kivuli cha mgunga.

WAFULA: Nairobi tuko mita kama 1,700 juu ya bahari. Magadi ni kama 600. Hiyo ni kushuka mpaka masikio yazibe.

NJERI: Usidhani unateremka tu lakini. Ile barabara inashuka, inakupandisha, inashuka tena. Na kila niliposimama, swali lilikuwa moja: "Umetumwa na nani?"

WAFULA: Kwa sababu mtu mzima haendi karibu kilomita mia moja kwa baiskeli bila kutumwa!

NJERI: Fundi wa Kiserian aliniuliza. Mzee mwenye ng'ombe akaniuliza. Nikisema sijatumwa, wananihurumia zaidi. Sasa sikiliza. Sijafika Oltepesi, gurudumu la nyuma likaanza kulegea. Mwiba. Tyubu ya akiba nilikuwa nimeimaliza Kiserian, kwa hivyo ni kutia kiraka. Naitoa tyubu, naijaza upepo, tundu silioni. Naisikiliza, lakini upepo wa kule umeficha kila sauti. Naipitisha shavuni, wapi.

WAFULA: Hapo unahitaji maji.

NJERI: Na mimi nimebaki na chupa moja ya kunywa. Kulikuwa na kijana mchungaji, labda miaka kumi, ananitazama tu. Akaondoka. Akarudi na mama yake, karai la plastiki, na mtungi wa manjano. Mama akanisalimia, "Takwenya." Nikaitikia, "Iko." Kimaa changu kikaishia hapo. Wafula, yule mama akamimina maji kwenye karai. Na nyuma yake punda amesimama, hata hajatuliwa mzigo, mitungi mingine bado iko mgongoni. Yaani maji yale ndiyo kwanza yanafika nyumbani.

WAFULA: Maji ya kubebwa na punda.

NJERI: Kijana akachukua tyubu mkononi mwangu. Anaizamisha kidogo kidogo, anaizungusha, anaibana kwa vidole viwili. Mara mapovu, madogo kama punje za ulezi, yanapanda kwa mstari. Akaweka kidole juu ya tundu, na hakukiondoa. Nimekausha, nimetafuta msasa, nimefungua gundi, kidole kiko palepale. Mpaka nilipomwambia, "Sawa, toa."

WAFULA: Huyo ni fundi tayari.

NJERI: Na yale maji hayakumwagwa. Mama alisogeza karai pembeni, wana-mbuzi wawili wakaja wakayanywa yote, na harufu ya mpira humo humo.

WAFULA: Ukamlipa?

NJERI: Nilitoa noti ya mia mbili. Akanirudisha mkono, akavikunja vidole vyangu juu ya ile noti. Nikamshukuru, nikaenda.

WAFULA: Hapo ndipo tunapoachana.

NJERI: Nilijua.

WAFULA: Kabla hujaanza. Baba yangu alibeba watu Busia. Wasikilizaji wa zamani mnaijua ile baiskeli yake, Black Mamba.

NJERI: Haipiti mwezi bila kuisikia.

WAFULA: Na leo wataisikia tena, maana inahusu. Neno boda boda limezaliwa kule. Miaka ya 1960 watu walikuwa wanabebwa kwa baiskeli kuvuka kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, waendeshaji wanaita, "Boda! Boda!" Baba alianza baadaye, lakini kazi ilikuwa ileile. Baiskeli nzito, gia moja, breki za vyuma virefu vinavyoshuka kutoka kwenye usukani. Nyuma kwenye keria ameshona mto wa sponji, ameuvika kitambaa chekundu chenye shada pembeni. Mama mwenye gunia la samaki anakaa upande, gunia mapajani.

NJERI: Na mlima?

WAFULA: Anashuka anasukuma, abiria kakaa juu! Akifika nyumbani, shati lina chumvi nyeupe mgongoni. Sasa, kulikuwa na majirani, watu wa kanisani, wanabebwa halafu wanasema, "Mungu akubariki." Wanaingia zao ndani. Baba hakuwahi kudai. Alikuwa anatabasamu. Na siku hiyo sisi tunakula mboga bila ugali. Kwa hivyo mtu akikukataza kumlipa, usidhani hahitaji. Adabu inamzuia.

NJERI: Pole kwa hilo, na nalichukulia kwa uzito. Lakini baba yako alikuwa kazini. Yule mama hakuwa kazini. Alimwona mgeni ameketi juani.

WAFULA: Maji yana bei, Njeri. Yalimgharimu asubuhi nzima.

NJERI: Ndiyo maana yalikuwa makubwa! Ningelazimisha ile noti, ningekuwa nimemwambia, "Mimi na wewe ni duka na mteja." Alikunja vidole vyangu, Wafula. Hakusita.

WAFULA: Ungemwachia kijana.

NJERI: Mbele ya mama yake aliyekataa? Huo ni utovu wa heshima.

WAFULA: Utovu wa heshima ni kuondoka na mia mbili mfukoni.

NJERI: Sikubali.

WAFULA: Na mimi sikubali.

NJERI: Basi ungekuwa wewe ungefanya nini?

WAFULA: Ningenunua mtungi wa maji Oltepesi, nimtafute mwenye pikipiki ampelekee.

NJERI: Hapo sasa unanipa wazo. Lakini kama zawadi. Si malipo.

WAFULA: Malipo.

NJERI: Tuliahidi mambo matano ya kujua kabla ya kusafiri mbali peke yako kwa baiskeli. Nimeambiwa kwa ishara tumebakiwa na dakika moja. Hata Olorgesailie sijagusa, yale mashoka ya mawe ya watu wa kale ambayo wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walichimbua miaka ya 1940. Nilisimama pale nikala chapati.

WAFULA: Toa moja kati ya matano.

NJERI: Gundi ya viraka ikishafunguliwa hukauka hata ukiifunga. Nunua mpya kabla ya kila safari. Na kurudi, panda matatu, baiskeli iende juu kwenye keria. Ile milima jioni si mchezo.

WAFULA: Na mimi nina ombi. Ile Black Mamba bado inaning'inia jikoni kwa mama, Busia. Breki za mbele zimekatika. Kama kuna anayemjua fundi Nairobi hii, Gikomba, popote, mwenye vile vyuma vya breki, atuandikie. Wiki ijayo naileta kwa basi.

NJERI: Ukiileta, tunaenda nayo Oltepesi. Na mtungi wa maji kwenye keria.

WAFULA: Kulipa deni.

NJERI: Kusalimia.