Safari ya Neno Moja: Namna Kompyuta Inavyotunza Kazi Yako

Karibuni, ndugu watazamaji. Nipo hapa Dodoma mjini, mbele ya kompyuta ya mezani isiyo na betri, na leo tutalifuata neno moja tangu linapochapwa hadi linapotulia mahali ambapo umeme ukikatika halitapotea.

Kwanza, fungua programu nyepesi ya kuandikia, ile isiyojihifadhi yenyewe, kisha andika neno lolote. Mimi ninaandika ZABIBU. Katika mfumo wa ASCII, yaani orodha inayoipa kila herufi namba yake, kila herufi huwa baiti moja, yaani biti 8 za sifuri na moja, na herufi A, kwa mfano, ni namba 65, inayoandikwa 01000001.

Kwa sasa neno letu limo ndani ya RAM peke yake, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Humo kila biti ni chaji ndogo ya umeme iliyowekwa kwenye kapasita, yaani kijichombo cha kutunza chaji, na kapasita hiyo huvuja kama ndoo iliyotoboka, kiasi kwamba kompyuta hulazimika kuzijaza upya zote kila baada ya milisekunde 64 hivi. Sasa ninachomoa waya. (Hatua hii niachieni mimi, kwa sababu kukata umeme ghafla kunaweza kuharibu mafaili mengine.) Nikiwasha tena, ZABIBU haipo.

Tuliandike upya, kisha bonyeza Ctrl na S kwa pamoja na ulipe faili jina. Kama kompyuta yako ina diski ya kuzunguka, biti zimeandikwa kwa sumaku juu ya sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kama ina SSD, yaani hifadhi isiyo na sahani ya kuzunguka, elektroni zimefungiwa ndani ya seli zenye kuta zisizopitisha umeme. Ninachomoa, ninawasha: neno lipo.

Hatua ya mwisho ndiyo wengi huikosea. Nakili faili kwenye flashi, lakini usiichomoe mara tu unapoona kazi imekwisha, kwani kipande cha mwisho huenda bado kimo kwenye ile RAM inayovuja. Chagua kwanza amri ya kuitoa kwa usalama. Flashi nayo hupoteza elektroni zake polepole, na joto huharakisha upotevu huo, kwa hiyo usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani huko Hombolo. Kisha ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue faili na ulisome neno lako.